Bega likikuuma baada ya benchi, anza na kidole

Vyuma vya jimu yetu hapa Busia, upande wa Uganda, nilivichomelea mwenyewe: bomba, na mikebe ya rangi iliyojazwa saruji. Ndivyo vilivyoniumiza bega la kulia, nikivisukuma juu huku nimelala benchi, kwa ujuaji wangu.

Kwanza jua kinachouma. Weka kidole kwenye mtulinga karibu na koo, uufuate kwenda nje mpaka ukutane na kinundu juu ya bega. Hapo ndipo mtulinga unapoungana na ncha ya mfupa wa bega. Bonyeza. Kisha peleka mkono huo kwenye bega la pili, kama mtu anayejikumbatia. Pakiuma pale pale, na usiku huwezi kulalia upande huo, shuku kiungo hicho. Mimi nilidhani ni msuli, nikasuguliwa mafuta ya moto wiki mbili. Nilichopata ni shati kunuka.

Kila ukishusha chuma mpaka kifuani, viwiko vikapita chini ya benchi, kile kiungo kidogo kinabanwa sana. Ukirudia bila kupumzika, ncha ya mtulinga inaweza kuanza kulika, kama bawaba ya geti zito: paka grisi utakavyo, pini imeshaliwa.

Benchi niliiacha mwezi na nusu, pamoja na kujishusha katikati ya mabomba mawili, ambako ndiko kubaya zaidi. Jioni barafu ndani ya kitambaa, dakika 15. Miguu niliendelea nayo. Niliporudi, nililala kwenye mkeka, si benchi, maana sakafu inavizuia viwiko visishuke. Mikono ishike upana wa mabega, viwiko vielekee mbavuni, visitanuke kama mbawa za kuku. Wiki mbili bomba tupu, vijana wakinicheka. Bega likiamka linauma, jana ulizidisha; punguza. Hata leo nikilala benchi naweka taulo nene iliyokunjwa kifuani, chuma kikiigusa narudisha juu. Miezi ikipita na bado linauma, tafuta daktari wa mifupa akupige eksirei.

Ila kama umeanguka na boda, au mkebe umekuangukia, na ncha ya mtulinga imechomoza, hayo yote yaache. Ning'iniza mkono kwa leso, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vidole vikifa ganzi au mkono ukiwa wa baridi, usingoje hata chai.