Kabla ya Drafti ya Hoki: Mambo ya Kuweka Sawa Nyumbani Kwanza

Mwaka 2001 timu ya hoki ya barafuni ya Washington Capitals ilimchagua beki kutoka Sweden, Johnny Oduya, ambaye baba yake ni Mkenya. Alikuwa mtu wa 221 kuitwa, raundi ya saba, saa ambazo watu wengi wameshazima televisheni. Na Washington haikumpa mkataba. Kijana akarudi kwao, akacheza Hammarby, akahamia Djurgården, kisha Frölunda, mpaka mwaka 2006 New Jersey Devils walipomsajili. Baadaye, akiwa na Chicago Blackhawks, alinyanyua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mara mbili, 2013 na 2015.

Naanza na Oduya kwa sababu wazazi wenzangu tunaozungumza Kiswahili huku Kanada na Marekani tuna swali moja tunalopenda kuulizana: "Wako atachaguliwa namba ngapi?" Mtoto ana miaka 15, kamaliza msimu vizuri, kocha kamsifu mbele ya watu, na tayari nyumba nzima inapiga hesabu ya namba. Namba ndiyo ya mwisho kufikiriwa. Yapo mambo ambayo yakikosewa mapema hata namba nzuri haiyarekebishi, na mengi yako mikononi mwa mzazi.

Kwanza tuelewane kuhusu drafti yenyewe, maana kwa wengi wetu neno hilo ni mchezo wa vizibo barazani. Katika mpira wa miguu tuliouzoea, klabu humchukua mtoto akiwa mdogo na kumlea katika akademi yake. Hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini haiko hivyo. Timu za NHL, zote 32, hazilei watoto. Wanalelewa na klabu za mitaa, ligi za vijana na vyuo vikuu, halafu kila mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Juni, timu zinakaa na kugawana vijana kwa zamu, raundi saba. Zilizofanya vibaya hutangulia kuchagua, ingawa bahati nasibu huweza kubadilisha mpangilio wa juu. Ukichaguliwa hujaajiriwa. Timu imepata haki ya kuzungumza nawe mkataba peke yake, na haki hiyo ina muda wake. Ukiisha bila mkataba, mnaachana, kama ilivyokuwa kwa Oduya.

Sasa angalia cheti cha kuzaliwa. Anayeingia drafti lazima awe ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka huo. Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997, kwa hiyo siku mbili tu zilimkosesha drafti ya 2015. Hakukaa kusubiri. Alikwenda Uswisi kucheza na watu wazima katika timu ya ZSC Lions ya Zürich, na mwaka uliofuata Toronto walimwita wa kwanza kabisa. Mtoto wa Oktoba au Novemba ana mwaka mzima wa ziada, na mwaka huo unafaa kupangwa mapema. Upande wa pili, vikundi vya umri huanza Januari, ndiyo maana watoto wa miezi ya mwanzo huonekana wakubwa na wenye nguvu kuliko wenzao, na huchaguliwa zaidi tangu wakiwa wadogo. Hapa nina neno kwa familia zilizopitia kambi za wakimbizi. Wengi wetu watoto wetu waliandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu karatasi halisi zilipotea. Kwa macho ya skauti, yule mtafuta vipaji wa timu, mtoto huyo ndiye mkubwa kuliko wote wa mwaka wake, na anapimwa hivyo, kumbe huenda alizaliwa Agosti. Ikiwa mna ushahidi wa tarehe ya kweli, anzeni utaratibu wa kusahihisha sasa, kijana akiwa na miaka 12, msingoje afike 17.

Uamuzi mkubwa kuliko drafti ya NHL huja miaka mitatu kabla yake, na ndipo familia nyingi hushtukizwa. Mtoto akiwa na miaka 15 hivi, ligi za vijana zenyewe humchagua: ile ya Ontario, ya Quebec na mikoa ya mashariki, au ya magharibi mwa Kanada. Tatu hizo kwa pamoja ndizo CHL. Timu inayomchukua inaweza kuwa safari ya saa kumi kwa gari kutoka nyumbani, naye anakwenda kuishi na familia mwenyeji katika mji ule, anasoma shule ya kule, anasafiri kwa basi usiku kucha kwenda mechini. Sisi tuliosoma shule za bweni hatushangai mtoto kulala mbali. Tofauti ni kwamba hapa analala kwa mtu. Kabla hujasaini, nenda ukakae nao sebuleni. Uliza wanapika nini, wanasali au hawasali, Ramadhani itakuwaje kama ninyi ni Waislamu, mtoto akiugua usiku nani ataendesha gari. Wenyeji wazuri hawaudhiki na maswali haya. Mwombe pia meneja wa timu akuonyeshe kwa maandishi mpango wa masomo: kwa kawaida kila msimu anaocheza kijana unamwekea ada ya mwaka mmoja wa chuo, lakini yako masharti ya muda wa kuitumia, na kuna waliokuja kugundua kwamba muda umeshapita.

Njia nyingine ni ya vyuo vikuu vya Marekani. Kwa miaka mingi hizi njia mbili zilikuwa kama kivuko kilichovunjwa nyuma yako: mtoto akicheza CHL, hata mechi ya kirafiki, mlango wa hoki ya NCAA, yaani michezo ya vyuo hivyo, ulifungwa. Novemba 2024 kanuni hiyo iliondolewa, na tangu tarehe 1 Agosti 2025 kijana aliyepita CHL anaruhusiwa kucheza chuoni. Gavin McKenna, aliyekuwa nyota wa Medicine Hat Tigers, aliitumia nafasi hiyo mara moja na kwenda Penn State. Kwa hiyo ushauri wa yule mjomba aliyepitia haya miaka kumi iliyopita umepitwa na wakati, hata kama anautoa kwa moyo safi. Kwa wasichana njia ya chuo bado ndiyo kuu, na sasa mwisho wake kuna ajira: ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL, ilifanya drafti yake ya kwanza Septemba 2023 na kuanza mechi Januari 2024.

Maskauti wanatazama nini? Wazazi hutazama mabao. Skauti hutazama miguu kwanza, jinsi kijana anavyosukuma barafu na kugeuka, kisha kichwa, kama ameinua macho kabla kisahani, ambacho ndicho mpira wa hoki, hakijafika kwenye gongo lake. Hutazama anavyofanya asipokuwa nacho, na anavyorudi benchi baada ya kukosea. Baadaye hupiga simu kwa kocha wa zamani, kwa mwalimu, kwa yule mama mwenyeji. Wanaoalikwa kwenye vipimo vya mwanzoni mwa Juni kule Buffalo huendesha baiskeli ya mazoezi mpaka pumzi iwaishie, na kati ya vipimo wanakaa mbele ya viongozi wa timu mbalimbali kujibu maswali. Kijana wa nyumba ya Kiswahili amefundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa na kutojisifu. Ni adabu, nami sitaki aiache. Lakini mbele ya meza ile ukimya wake unaweza kusomwa kama kutojiamini. Mfanyizeni mazoezi ya kueleza kwa utulivu anachofanya vizuri na anachokifanyia kazi. Mama au shangazi mmoja mezani baada ya chakula anatosha kuwa mhoji.

Baada ya namba kutajwa ndipo kazi inapoanza, na hapa ningependa kila mzazi aitazame timu inayolea kuliko timu yenye jina. Detroit Red Wings walimchukua Pavel Datsyuk mwaka 1998 akiwa wa 171 na Henrik Zetterberg mwaka 1999 akiwa wa 210. Hawakuwaharakisha. Datsyuk alibaki Urusi hadi 2001, Zetterberg akabaki Sweden hadi 2002, kila mmoja akikua mahali alipopata dakika nyingi za kucheza, na mwaka 2008 walitwaa kombe pamoja. Tampa Bay Lightning walifanya kazi ya aina hiyo kizazi kilichofuata. Ondřej Palát aliitwa wa 208 mwaka 2011, akapikwa misimu miwili katika timu yao ya AHL, ligi iliyo chini ya NHL. Brayden Point aliitwa wa 79 mwaka 2014 kwa sababu alikuwa mfupi na kasi yake ilitiliwa shaka. Tampa walimrudisha kwenye timu yake ya vijana ya Moose Jaw kwa misimu miwili zaidi, wakampa mwalimu wa kuteleza, Barb Underhill, bingwa wa dunia wa mwaka 1984 katika kuteleza kwa wawili wawili. Leo huwezi kumtaja Point bila kutaja kasi. Wote wawili walikuwamo kikosini kombe lilipokwenda Tampa 2020 na 2021.

Kwa hiyo mwanao akirudishwa, usiseme amekataliwa. Timu inaweza kumpa kijana wa miaka 18 au 19 mechi tisa za NHL bila mwaka wa kwanza wa mkataba wake kuanza kuhesabiwa, na wengi hurejeshwa kabla ya ya kumi. AHL nayo si jalala. Karibu tisa katika kila wachezaji kumi wa NHL wamepita huko, kwenye mabasi na mechi za wikendi. Quinton Byfield, ambaye baba yake alitoka Jamaika, aliitwa wa pili na Los Angeles Kings mwaka 2020. Hakuna mchezaji mweusi aliyekuwa ameitwa mapema kuliko yeye. Msimu uliofuata alikuwa AHL. Mwaka 2021 akavunjika kifundo cha mguu kabla ligi haijaanza. Watu wakaanza kunong'ona. Msimu wa 2023–24 alifunga mabao 20. Kama huyu wa pili alihitaji miaka mitatu, wa 150 anahitaji mingapi? Makipa huchukua muda mrefu zaidi, na mabeki huwafuata. Wapo pia wasioitwa kabisa: Martin St. Louis hakuchaguliwa na yeyote, na mwaka 2018 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa hoki.

Kuhusu mawakala nitasema kwa kifupi. Wakala wa wachezaji wa NHL ameidhinishwa na chama cha wachezaji, NHLPA, na hulipwa asilimia pale kijana anapolipwa. Anayekudai pesa mkononi ili "amfikishe" mtoto kwenye drafti, mfungulie mlango atoke. Na kama mnatazama njia ya chuo, ulizeni chuo chenyewe kabla hamjasaini karatasi yoyote ya mshauri.

Lipo jambo ambalo hatupendi kulisema mbele ya watoto. Willie O'Ree alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, akiwa na Boston, tarehe 18 Januari 1958, na hadi leo mtoto wetu anaweza kuwa mweusi peke yake chumba kizima cha kubadilishia nguo, katika mji mdogo, mbali na kwao. Ataitwa jina fulani, pengine na mpinzani, pengine na mtu wa timu yake. Usimwache agundue siku hiyo kwamba hajui amwambie nani. Muulizeni kocha waziwazi, kijana akiwa amekaa hapo hapo anasikia: likitokea, nani anashughulikia, na ndani ya muda gani? Kocha akikuambia kwamba hapa hayatokei, hajajibu swali. Mkubaliane pia nyumbani juu ya simu ya kila Jumapili ambayo hairukwi, ashinde ashindwe, na izungumzwe kwa Kiswahili. Yapo maumivu ambayo mtoto huyatoa kwa lugha ya mama tu.

Mwisho ni safari na karatasi. Raundi ya kwanza hufanyika siku ya kwanza, na raundi ya pili hadi ya saba siku ya pili. Kama mwanao hatajwi miongoni mwa wa raundi ya kwanza, msikate tiketi za ukoo mzima. Kaeni nyumbani, pikeni pilau, simu yake iwe na chaji. Siku chache baadaye timu nyingi huwaita vijana wapya kwenye kambi ya mafunzo ya Julai, na hapo ndipo uraia unapouma. Raia wa Kanada huvuka kwenda Marekani bila viza. Mkazi wa kudumu mwenye pasipoti ya Kongo, Burundi au Tanzania, au mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi, kwa kawaida anahitaji viza, na miadi ya ubalozi haijali kalenda ya hoki. Tatizo linaweza kuanza hata mapema zaidi, kwa sababu ligi ya Ontario ina timu Erie, Saginaw na Flint, na ya magharibi ina Seattle, Spokane na Portland, zote upande wa Marekani. Siku mtakayosaini timu ya vijana, mpelekee meneja nakala ya hati zake zote na umuulize nani ofisini anashughulikia viza. Kama mnastahili kuomba uraia, jazeni fomu mwaka huu. Pasipoti isiyofikisha miezi sita ya uhai, ipelekeni ikafanywe upya kabla msimu haujaanza.