Sindano au leza kwa chunusi zilizovimba? Anza hapa

Kwanza jiangalie kwenye kioo mchana, hesabu. Kama ni moja au mbili kubwa, ngumu, zinauma hata ukilalia shavu, hapo ni sindano. Daktari wa ngozi anachoma triamsinoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, kidogo sana katikati ya uvimbe, mara nyingi 2.5 mg kwa mililita, na ndani ya siku 2 au 3 inanywea. Muulize kabisa ameichanganya kiasi gani, maana ikizidi ngozi inabonyea kashimo au inabaki na doa jeupe, na kwa sisi weusi doa linaonekana kweli, linaweza kukaa miezi. Ila sindano haizuii zingine kutoka, inazima hiyo hiyo tu.

Leza ni kama zimejaa uso mzima na dawa hazijasaidia. Ile ya nanomita 1726 (ndio urefu wa wimbi la mwanga wake), iliyoruhusiwa Marekani 2022, inachoma tezi za mafuta zenyewe, unaenda mara 3 karibu kila mwezi, matokeo yanakuja taratibu, na bei ni kubwa so jipange. Usikubali tu kuambiwa tuna leza, uliza ni ipi, maana mwanga wa IPL, ambao ni mwanga mkali wa kumulika kwa mapigo na si leza halisi, unaweza kuunguza ngozi nyeusi vibaya.

Una harusi Jumamosi na kidevu kimevimba Jumanne? Sindano. Na tafadhali usinunue krimu ya steroidi dukani ukajipaka ukidhani ni kitu kilekile, hiyo ndo inaleta chunusi zaidi.