Kuuza riwaya yako kwa simu: nilivyojifunza mimi

Riwaya yangu ya kwanza ilikaa chini ya kitanda miezi mitano, maboksi manne, na mimi kila siku nabandika jalada Facebook: "Kitabu kipo sokoni!" Watu wanapongeza, anayenunua hakuna.

WhatsApp ndiyo iliyoniokoa. Jalada liache kwanza, anza na maneno ya ndani. Chagua aya inayomwacha msomaji roho juu, iandike kwa herufi za kusomeka, weka stetasi saa mbili usiku watu wameshakula. Stetasi hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo kesho yake weka kipande kinachofuata. Mimi nilikatiza pale mama mkwe anapofungua sanduku. Asubuhi nikakuta jumbe: "Dada, kuna nini humo sandukuni?" Hapo sasa ndipo unataja bei, namba ya kulipia, na gharama ya kutuma kwa basi kwa walio mikoani. Bei iandike wazi. Hii ya "njoo inboksi" inafukuza wateja.

Ukitumia orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list, yaani kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo), ujumbe huwafikia waliohifadhi namba yako tu. Kila anayenunua mwombe aihifadhi.

TikTok nasoma ukurasa mmoja kwa sauti, nimekaa barazani, kuku wanapita. Ile video niliyolipia studio haikuniuzia hata nakala moja.

Msomaji akikutumia picha yake na kitabu, omba ruhusa kabla ya kuirusha. Wangu mmoja alikuwa anasoma kwa kujificha kazini.