Namna ya Kufundisha Safari ya Randy Bass katika Kipindi cha Michezo, Dodoma

Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wa Dodoma habari za Randy Bass, Mmarekani aliyejipatia sifa kubwa kwa kucheza besiboli Japani, asianze na tuzo zake, kwa kuwa watoto waliokulia kwenye soka hawana kipimo cha kuzipimia. Aanze na kipimo chenyewe. Mpigaji hurushiwa mpira mgumu kwa kasi kubwa, na hata aliye hodari hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Anayefaulu mara 30 katika nafasi 100 huhesabiwa kuwa mpigaji bora. Andika namba hiyo ubaoni, kisha chini yake andika 39, kwa maana wastani wa Bass mwaka 1986 ulikuwa .389, yaani karibu mara 39 katika nafasi 100, na hiyo ni rekodi ya msimu mmoja ambayo haijavunjwa Japani.

Ndipo urudi nyuma. Bass alizaliwa mwaka 1954 huko Lawton, Oklahoma, na kati ya 1977 na 1982 alipita katika timu tano za ligi kuu za Marekani, akicheza mechi 130 tu na kupiga homurani 9, yaani mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio. Mwaka 1983 alijiunga na Hanshin Tigers, timu ya Japani.

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi ni upepo, na hapa Dodoma ina nafasi nzuri ya kufundishia. Bass alipiga kwa mkono wa kushoto, na mpigaji wa namna hiyo hutoa nguvu zake nyingi upande wa kulia wa uwanja. Lakini Koshien, uwanja wa nyumbani wa Hanshin ulio karibu na bahari, huvumiwa na upepo unaotoka kulia kuelekea kushoto, ambao huirudisha mipira ndani. Badala ya kushindana nao, Bass alijifunza kuusubiri mpira kidogo na kuupeleka kushoto, ili upepo uleule umsaidie. Watoe wanafunzi nje kati ya Juni na Septemba, wakati upepo wa mashariki unapovuma kwa nguvu na vumbi lake. Mpange mpigaji atazame kaskazini, upepo umjie kutoka kulia, na umpe gongo la mti na mpira wa tenisi, kwa sababu mpira halisi haufai bila kofia ngumu. Apige kwanza kulia, kisha kushoto, na wenzake wapime kwa hatua mpira ulikoangukia. Zoezi hili lisiharakishwe. Mwanafunzi aliyeuona mpira wake ukirudishwa ataelewa alichofanya Bass kuliko aliyesomewa takwimu.

Baada ya hapo, taja mwaka 1985: homurani 54, wastani wa .350, na uongozi wa ligi yake katika homurani, wastani na alama alizoiletea timu kwa mapigo yake, huku Hanshin ikitwaa ubingwa wa Japani kwa mara ya kwanza. Rekodi ya Japani ya homurani za msimu mmoja wakati huo ilikuwa 55, ya Sadaharu Oh, na mechi za mwisho za Bass msimu huo zilikuwa dhidi ya Yomiuri Giants, timu ambayo Oh mwenyewe alikuwa kocha wake mkuu. Warushaji wa Giants walimrushia mipira iliyo mbali asiyoweza kuipiga vizuri, naye akabaki na 54. Waache wanafunzi wajadili kama hilo lilikuwa la haki, ingawa kanuni hazikulikataza.

Mwaka 1988 Bass alirudi Marekani kuwa karibu na mwanawe aliyeugua uvimbe wa ubongo, na timu ikamwacha. Eleza jambo hili kwa utulivu, bila kulifupisha, kwa kuwa darasani huenda yumo mtoto anayeuguza mtu nyumbani. Kisha waambie kwamba baadaye alikuwa seneta wa jimbo la Oklahoma, na kwamba mwaka 2023 Japani ilimwingiza katika Jumba la Heshima la besiboli.