Kulala kambi zisizo na uzio, kutoka Kasane hadi Maun

Kazi yangu ni kupika kwenye safari za mahema, na njia niipendayo kuliko zote ni ya Botswana: Kasane hadi Maun, kupitia hifadhi za Chobe na Moremi. Kambi za huko hazina uzio. Tembo anapita kati ya hema na jiko kwa sababu pale ni kwake. Usiku wa salama unaandaliwa mchana.

Kwanza malipo. Ada ya hifadhi ni yake na kiwanja cha kulala ni chake, na viwanja vya Ihaha, Savuti, Khwai na Third Bridge vinaendeshwa na kampuni mbalimbali. Kwa miezi ya kiangazi, Julai hadi Oktoba, weka nafasi mapema sana. Malaria ipo, kwa hiyo muone daktari kuhusu dawa za kinga. Na beba koti zito. Alfajiri za Julai zina baridi kali.

Jaza tangi Kasane, ongeza madumu mawili ya lita 20. Hifadhini hakuna kituo cha mafuta, na mchanga unakula mafuta. Maji napima lita 5 kwa mtu kwa siku, kisha naongeza akiba ya siku mbili.

Lami ikiisha Kachikau, punguza upepo wa matairi. Gari letu tunalishusha kutoka PSI 35 hadi 22, mpaka tairi litanuke pale linapogusa ardhi. Mchangani tumia gia ndogo na mwendo usiokatika. Ukikwama usiendelee kukanyaga mafuta, gurudumu litajichimbia shimo. Angalia vichakani kwanza, ndipo ushuke na chepe. Pampu ya kurudishia upepo usiisahau.

Kambini fika saa kumi alasiri. Kabla ya kushusha chochote, zunguka kiwanja ukitazama nyayo na kinyesi. Ukiona njia iliyokanyagwa ikawa laini kati ya vichaka, hiyo ni barabara ya mnyama. Hema lisikae juu yake. Ikiwa inatoka mtoni, kiboko atapita hapo usiku. Liweke hema ubavuni mwa gari, milango ikitazamana.

Sasa jikoni, ambako makosa mengi hutokea. Napika mapema, tunakula kabla giza halijashika. Machungwa sibebi kabisa, maana tembo huyafuata kwa harufu na anaweza kuvunja gari ili ayapate. Baada ya kula, mabaki, sufuria, vitambaa vya jikoni, deli la nyama, vyote vinaingia ndani ya gari na milango inafungwa. Viatu pia.

Usiku mmoja Savuti nililoweka sufuria ya ugali, nikaiacha chini ya meza. Nikasikia bati likitafunwa, taratibu, kisha likiburutwa. Asubuhi niliikuta hatua kama mia mbili kutoka kambini, ukingo umekunjwa, na matundu mawili yamepenya hadi upande wa pili kama ya msumari. Fisi. Meza ile ilikuwa mita tatu kutoka hema alimolala mama na mtoto wake wa miaka sita. Bado naiona ile sufuria.

Kabla ya kulala kila mtu aende chooni, wawili wawili. Choo cha Savuti kimezungushiwa ukuta mnene kwa sababu tembo walikuwa wakivunja mabomba kutafuta maji, basi usishangae kuwakuta wamesimama hapo nje. Ukibanwa usiku, fungua zipu kidogo, zungusha tochi polepole. Ukiona macho yanang'aa, funga, subiri. Kwa watoto naweka ndoo ndani ya hema. Na hema lisilalwe wazi hata joto likizidi.

Jambo la mwisho ni nyama. Njiani kuelekea Maun kuna kizuizi cha mifugo, kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Botswana inauza nyama ya ng'ombe nje, na nyati wa hifadhini hubeba virusi vya ugonjwa huo. Nyama mbichi unanyang'anywa, na utakanyaga dawa kwa viatu vyote, hata vilivyo begini. Kwa hiyo usiku wa mwisho Khwai naipika yote iliyobaki, na tunaila pale pale.