Risachi ya kiangazi kwenye maabara ya baharini: anza na jedwali la maji

Ukishapata nafasi ya kufanya risachi maabara ya pwani likizo ya kiangazi, kabla hujaanza kupakua mapepa tafuta kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa la huko unakoenda. Programu nyingi ni wiki 8 mpaka 10, unaona nyingi eeh, sasa kama kazi yako ni ya mwambani, bamvua (siku maji yanapopwa na kujaa kupita kawaida) linakuja kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kwa wiki 10 una bamvua kama tano tu na moja andika limeliwa na upepo au mvua. Maji mafu, yaani siku za katikati ya bamvua na bamvua, hayatoki mbali, ile sehemu ya chini kabisa hutaiona. Halafu kupwa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya saa mbili asubuhi kila siku sahau.

Swali lako litoke kwenye hesabu hiyo. "Joto la bahari linaathirije viumbe" achana nalo, watu wanazeeka nalo. Uliza kitu kama konokono wa aina fulani wako wengi upande unaopigwa na mawimbi au upande uliotulia. Hapo unataka tepu, fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50, na namba za bahati nasibu za kukuambia fremu uiweke wapi, usiiweke pale walipojazana hata kama roho inakuuma. Na hapa ndo wengi wanapigwa: ufukwe mmoja wenye mawimbi na mmoja uliotulia, fremu 100 kila mmoja, bado umelinganisha fukwe mbili tu! Tafuta angalau tatu kila upande, fremu zipungue sawa tu.

Siku yenyewe fika saa nzima kabla maji hayajafika chini kabisa, shuka nayo, yakianza kurudi na wewe rudi. Usiende peke yako, usiyape mawimbi mgongo, na jiwe ukiligeuza lirudishe lilivyokuwa.

Kama unachukua sampuli, muulize supavaiza habari ya kibali kwanza. Lebo andika kwa penseli kwenye karatasi isiyoloa uiweke NDANI ya chupa, sababu ethanoli (spiriti ya kuhifadhia sampuli) inafuta wino wa kalamu nyingi, na kama mnataka DNA tumieni ethanoli ya 95% sio formalini.

Data iingize siku hiyo hiyo hata kama umechoka, daftari lipige picha. Grafu ya kwanza chora baada ya bamvua la pili, hata kama ni mbaya, maana kasoro ukiiona hapo bado una maji ya kurekebishia, ukiiona wiki ya tisa unabaki kuielezea tu kwenye bango la kuonyesha kazi yako mwishoni.