Jinsi ya Kuchagua na Kutunza Diski za Vipindi vya Kale vya Roboti kwa Mkazi wa Mombasa

Mtu anayetaka kuwaonyesha wanawe vipindi vya kale vya safari za anga, vile ambavyo ndani yake roboti ni sahibu wa watu wa nyumba na si chombo tu, ana maamuzi kadhaa ya kufanya kabla hajatoa hata shilingi moja, na ulio muhimu kuliko yote ni diski yenyewe itoke nchi gani. Nimezikusanya diski hizi kwa miaka mingi hapa Mombasa, nikapoteza baadhi kwa unyevu na nyingine kwa kununua bila kuuliza, na ninayaandika haya ili mwenzangu asiingie gharama hiyo hiyo.

Vipindi nitakavyovisemea ni vitatu. Cha kwanza ni Lost in Space, kilichoonyeshwa na shirika la CBS nchini Marekani kuanzia Septemba 15, 1965 hadi Machi 1968, chenye sehemu 83 katika misimu mitatu. Roboti wa kipindi hicho alisanifiwa na Robert Kinoshita, ndani yake alikuwamo mwigizaji Bob May, na sauti ile nzito iliyomwonya mtoto Will Robinson kila hatari ilipokaribia ilikuwa ya Dick Tufeld. Cha pili ni Doctor Who cha BBC, ambacho mwezi Oktoba 1977, katika hadithi ya The Invisible Enemy, kilimleta K9, mbwa wa mashine mwenye sauti ya John Leeson. Cha tatu ni Buck Rogers in the 25th Century cha miaka ya 1979 hadi 1981, ambamo Felix Silla alikuwa ndani ya roboti mdogo Twiki na Mel Blanc akampa sauti kwa sehemu kubwa ya kipindi. Nitakaa zaidi na hivyo viwili vya kwanza, kwa sababu vilitengenezwa kwa njia mbili tofauti kabisa, na aliyeielewa tofauti hiyo hawezi kudanganywa na maandishi ya juu ya kasha.

Lost in Space kilipigwa kwa filamu ya milimita 35, fremu (yaani picha moja moja) 24 kwa kila sekunde. Filamu ya namna hiyo hubeba picha kubwa kuliko ile ambayo televisheni za zama zile ziliweza kuionyesha, kwa hiyo inaposomwa upya kwa mashine za leo hutoa mambo ambayo watazamaji wa mwaka 1965 hawakuyaona wakiwa majumbani mwao: mikunjo ya mikono ya roboti, taa za kifuani mwake, hata mikwaruzo ya rangi kwenye kiwiliwili chake. Ndiyo sababu kasha la Blu-ray, aina ya diski yenye picha kali kuliko DVD, lililotolewa Septemba 15, 2015, siku kipindi kilipotimiza miaka 50, linastahili bei yake. Lina diski 18, na ndani yake mna usomaji wa hadithi ya kufungia safari ya familia ya Robinson, iliyoandikwa na Bill Mumy, yule yule aliyekuwa Will utotoni, kwa kuwa kipindi kilikatishwa bila mwisho wake kuonyeshwa.

Doctor Who ya miaka ya 1970 haikupigwa hivyo. Matukio ya ndani ya studio yalirekodiwa kwenye kanda za video za PAL, mfumo wa televisheni wa Uingereza, wenye mistari 625 ambayo 576 tu ndiyo hubeba picha, ilhali matukio ya nje mara nyingi yalipigwa kwa filamu ya milimita 16. DVD ya PAL nayo ina mistari 576. Maana yake ni kwamba DVD ya Uingereza iliyotengenezwa kwa uangalifu tayari inabeba karibu kila kitu kilichokuwamo kwenye kanda ya asili, na Blu-ray haiwezi kuongeza mistari ambayo kamera haikuipiga. Makasha ya Blu-ray ya The Collection, ambayo BBC ilianza kuyatoa mwaka 2018, yana faida zake, kwa kuwa picha haibanwi sana na vipande vya filamu, pale filamu yenyewe ilipohifadhiwa, vinaweza kusomwa upya. Hata hivyo, mwenye fedha za kasha moja tu la Blu-ray namshauri alinunue la Lost in Space, na K9 amtazame kwenye DVD bila kujiona amepunjwa.

Kanuni ninayoifuata, basi, ni kwamba kila kipindi kinunuliwe kutoka kilikozaliwa. Roboti wa Marekani anunuliwe kwenye diski ya Marekani, na mbwa wa Uingereza kwenye diski ya Uingereza. Sababu si ushabiki. Filamu ya fremu 24 inapowekwa kwenye DVD ya PAL kwa kawaida huharakishwa hadi fremu 25 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya asilimia 4. Sehemu ya dakika 50 huisha kwa dakika 48, na kama sauti haikurekebishwa, kila sauti hupanda. Kwa kipindi kingine mtu huenda asitambue, lakini roboti huyu utu wake wote umo sautini, na Dick Tufeld akipandishwa kiasi hicho, uzito ule unaowafanya watoto wanyamaze hupungua. Mimi niliwahi kuisikiliza sehemu moja kwa diski zote mbili, moja baada ya nyingine, na tangu siku hiyo sijainunua tena ya PAL. Kwa Doctor Who kosa huwa kinyume chake: DVD ya Marekani hulazimika kuigeuza video ya mizunguko 50 (yaani picha kuchorwa mara 50 kwa sekunde) iwe ya 60 na kuishusha kutoka mistari 576 hadi 480, na picha hulegea, hasa mbwa anapopita mbele ya kamera.

Hapo ndipo linapoingia suala la maeneo, ambalo limewatoa watu wengi machozi. Watengenezaji wa DVD waliigawa dunia katika maeneo yenye nambari, na Kenya imo katika eneo la 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, wakati Marekani ni eneo la 1, na Uingereza na nchi za Ghuba ni eneo la 2. Blu-ray ina mgawanyo wake wa herufi: Marekani ni A, na Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zote ni B. Kwa hiyo deki ya Blu-ray iliyonunuliwa hapa haina ugomvi na Blu-ray ya Uingereza, ilhali DVD ya Uingereza hiyo hiyo, kwa sheria ya nambari, inaweza kukataliwa na deki ya eneo la 5. Wengi wetu hapa mjini tuna deki zilizoletwa na jamaa kutoka Dubai au Maskati. Hizo, zikiwa hazijafunguliwa zisome diski za maeneo mengine, ni za eneo la 2 kwa DVD na B kwa Blu-ray, jambo linalowafaa wapenzi wa K9 lakini haliwasaidii wapenzi wa familia ya Robinson.

Nilipoletewa kasha langu la kwanza kutoka Marekani, deki yangu ililitema. Nilimchukulia fundi kijana karibu na Mwembe Tayari nikiwa nimeshakata tamaa, naye akaitazama diski kabla hata ya kuigusa deki. "Ami, deki yako ni nzima," akaniambia, "diski ndiyo ngeni." Nikamwuliza, "Sasa mwanangu, yafanyiwa nini?" Akaingia kwenye menyu iliyofichwa kwa kubonyeza nambari kadhaa za rimoti, akaweka sifuri mahali pa eneo, na ikawa imekwisha. Deki nyingi za DVD za bei nafuu hukubali kufunguliwa hivyo, na nyingine hutoka kiwandani zikiwa wazi. Kwa Blu-ray si rahisi hivyo, kwa hiyo uliza kabla ya kununua deki, na utake diski ya Marekani ichezwe mbele yako dukani. Hakikisha pia kwamba televisheni yako inapokea mizunguko 50 na 60; zinazouzwa Kenya kwa kawaida hupokea zote mbili, lakini iliyobebwa moja kwa moja kutoka Marekani huenda isipokee 50, na isitoshe umeme wake ni wa volti 120 ilhali wetu ni 240.

Anayetazama kwa kompyuta awe mwangalifu zaidi. Kiendeshi cha DVD cha kompyuta huruhusu eneo libadilishwe mara 5 tu, na baada ya hapo hubaki palipo. Usikubali kubonyeza "ndiyo" kila mtoto anapobadilisha diski.

Nakala za kuchomewa zinazouzwa madukani sizipendekezi, na sisemi hivyo kwa sababu ya sheria ya hakimiliki peke yake. Piga hesabu: msimu wa kwanza wa Lost in Space una sehemu 29, na kasha halali la DVD la mwaka 2004 liliutandaza kwenye diski 8. Muuzaji anayekupa msimu mzima kwenye diski moja ya gigabaiti 4.7 amebana kila sehemu mpaka giza la anga limekuwa miraba miraba na uso wa roboti umevunjika. Isitoshe, diski za kuchomewa hutegemea rangi ya kikemikali inayofifia kwa joto na mwanga, na sisi joto tunalo mwaka mzima.

Kasha halali likifika, lifungue siku hiyo hiyo. Itazame kila diski chini ya taa, kisha icheze mwanzo, katikati na mwisho, kwa sababu kasoro nyingi hujificha ukingoni. Ukiona diski haina picha upande wowote ila maandishi madogo karibu na tundu, hiyo ni ya pande mbili. Makasha kadhaa ya Marekani ya miaka hiyo yalizitumia, nazo hukwaruzika upesi kwa kuwa hazina upande wa kushikia. Usishtuke ukiona msimu wa kwanza wa Lost in Space hauna rangi, kwani ulipigwa kwa nyeusi na nyeupe, na rangi ilianza msimu wa pili. Na usiwaanzishe watoto kwa sehemu ya majaribio iliyomo kwenye kasha, iitwayo No Place to Hide, kwa maana ilitengenezwa kabla roboti na Dakta Smith, yule mhalifu wa kipindi, hawajaingizwa, na mtoto aliyeahidiwa roboti atakaa saa nzima akimngoja asiyekuja.

Kwa K9 tahadhari ni hiyo hiyo. City of Death ya mwaka 1979 ni hadithi nzuri sana, lakini mbwa hamo. Katika The Power of Kroll hamo pia, ingawa John Leeson anaonekana kwa sura yake mwenyewe akiigiza mtu. Msimu wa 17 ukiona sauti imebadilika usiilaumu diski. Ni David Brierley aliyeichukua kazi hiyo kwa muda. DVD za BBC za hadithi hizi zina maandishi ya Kiingereza ya chini ya picha, na inafaa yawashwe, kwani mzazi anayemfasiria bibi au mtoto mdogo hupata nafasi ya kusoma sentensi kabla ya kuisema kwa Kiswahili.

Kanda za VHS sizinunui tena. Za Marekani ni za mfumo wa NTSC na deki nyingi za zamani za hapa hazizisomi vizuri, na za PAL zilizokaa pwani mara nyingi zina ukungu mweupe kwenye mzunguko. Kanda yenye ukungu usiitie dekini kamwe, kwa kuwa vichwa vya deki huuchukua na kuupeleka kwenye kanda nyingine.

Lililobaki ni hifadhi, na hapa hewa yetu haina huruma. Diski ni plastiki yenye tabaka jembamba la alumini, na plastiki ikipinda au unyevu ukipenya hadi kwenye tabaka hilo, alumini hupauka na leza haioni kitu. Nyumba za Mji wa Kale zina zidaka ukutani, na mtu huvutiwa kuyapanga makasha humo kwa uzuri; mimi nilifanya hivyo, na baada ya masika mawili karatasi za makasha zilikuwa zimeota madoa, kwa sababu ukuta wa matumbawe hufyonza maji na kuyatoa polepole. Tumia sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ulitenge na ukuta kiasi cha shubiri moja, uzisimamishe diski wima, na utie vile vifuko vya chembechembe za kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Dirisha linaloelekea baharini liwe mbali, maana upepo wa kusi huja na chumvi. Ukivuka Likoni na diski ndani ya gari, usiziweke juu ya dashibodi wakati wa foleni ya feri, kwani saa moja ya jua la pale inatosha kuzipinda.

Diski ikichafuka, ioshe kwa maji safi ya mfereji yasiyo ya kisima cha chumvi, kwa tone la sabuni ya vyombo, kisha uifute kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mzunguko huficha data nyingi mfululizo. Kila mwaka mvua za Mei zikipungua, toa sanduku, badilisha vifuko, na ucheze dakika chache za diski moja kutoka kila kasha. Ile itakayokwama ioshe na uijaribu tena, na ikikwama mara ya pili mahali pale pale, anza kuitafutia mbadala kabla kasha hilo halijaadimika sokoni.